Siku ya Kura Ulikuwa Wapi

Karibu na kinu cha kusagia unga, kwenye kiwanja ambapo mikutano yote ya hadhara ya kigongo kile cha mashamba ya chai hufanyika, pana kipande cha ardhi kisichokaliwa na mtu. Hakina miiba wala tope. Watu wamezoea tu kwamba pale pana mwenyewe. Hata siku mkutano unapofurika, vijana wakakwea ukuta wa choo cha soko ili waone, pale hubaki wazi, upana wa kikapu kimoja. Na mwanasiasa anapofika mwisho wa hotuba yake, mkono wa Muriithi, mwenye vipaza sauti, huenda wenyewe kwenye swichi, macho yake yakiangalia pale. Kisha hukumbuka, akaurudisha mkono mfukoni. Swali haliulizwi tena.

Mwenye nafasi ile ni Wawira, binti wa marehemu Njura. Kwa miaka sita hakuna mwanasiasa aliyeshuka jukwaani pale, nje kidogo ya mji wa Runyenjes, kabla ya kumsikia. Alikuja moja kwa moja kutoka kuchuma chai, aproni ya plastiki bado kiunoni, gambuti zake, viatu virefu vya mpira, zina udongo mwekundu. Alikifudikiza kikapu chake kitupu, akakikalia. Hakupiga makofi wala kelele za kuzomea. Wakati wa maswali ulipofika, aliinuka, akangoja kipaza sauti kimfikie, akasema maneno yale yale:

"Mheshimiwa, siku ya kura ya thuluthi mbili, ulikuwa wapi?"

Kisha alikaa. Hakuwa na swali la pili.

Ili mtu aelewe swali lile, aanze na kikapu. Kwenye kituo cha kununulia chai, wakulima hufika na majani yao alasiri, wakayatandaza, wakachagua, wakapima kabla ya lori la kiwanda kufika. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Lakini mvua ikichelewa, au mtu akichoka, mkono huchuma na majani makuu, yale magumu kama ngozi, na mchumaji mjanja huyaweka chini kabisa, halafu juu akapanga machanga yanayong'aa. Wawira hakuwa na cheo chochote pale kituoni, lakini karani alimwachia kazi ya kukagua kwa sababu ya mkono wake. Hakuangalia juu hata kidogo. Alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko, akachota kutoka chini, akafungua kiganja mbele ya mwenye kikapu.

"Juu ni harusini," alizoea kusema. "Chini ndiko nyumbani."

Watu walicheka, wakachagua upya. Na alivyowapima wachumaji ndivyo alivyowapima wachungaji, mawakili, wauza mbegu na waheshimiwa. Wengine walisema ana roho ya shaka, kwamba hata Mungu akimpa mvua atauliza imetoka wingu gani. Hakuwabishia. Shaka yake aliipata kwa gharama, na hakuona sababu ya kuitupa.

Njura alikuwa na watoto wawili tu, Wawira na Runji. Wawira aliolewa mbali, upande wa Kanyakine kwa Wameru, akakaa miaka saba, akarudi na mtoto mmoja wa kike, Karimi, na kovu juu ya jicho la kushoto ambalo hakuna aliyeuliza habari zake. Baba yake hakuuliza pia. Alimpa kikapu, akampeleka mwisho wa shamba penye chai changa, wakapanda pamoja mstari wa yungiyungi za mpaka, zile ambazo kwao mtu hazing'oi hivi hivi bila kuogopa laana.

"Hapa ni pako," mzee alimwambia.

Hakuandika popote. Njura aliamini mmea kuliko karatasi. Alipokufa, mwaka 2009, Runji alizing'oa yungiyungi zile wiki moja baada ya mazishi, akazitupa barabarani. Mvua ikanyesha, zikaota pale zilipoangukia, ukingoni mwa barabara, zikachanua vizuri kabisa mahali ambapo hazikuonyesha mpaka wowote. Wawira alipokwenda kumwuliza ndugu yake, Runji alikuwa akinoa panga mlangoni. Hakuinua kichwa.

"Shamba halina dada," alisema.

Kuanzia hapo Wawira aliendelea kuchuma miche ile ile aliyoipanda kwa mikono yake, lakini majani yalipimwa kwa nambari ya mkulima ya Runji. Kwa kiwanda, kwa kituo, kwa karatasi ndogo inayotoka mashinini, Wawira hakuwako. Nambari ya mkulima haitolewi kwa mtu asiye na shamba.

Mwaka uliofuata ikaja kura ya katiba mpya. Nchi iligawanyika rangi mbili, kijani kwa wanaoikubali na nyekundu kwa wanaoikataa, na vyama navyo viligawanyika, vingine katikati kama chapati. Kiwanjani pale alisimama diwani mmoja kijana, mnene kidogo, mwenye sauti tamu, aliyeitwa Mutugi, na kitambaa chekundu shingoni. Wawira alikuwa akipita na mzigo wa kuni. Alimsikia akiwaambia wanaume kwamba wakiipitisha karatasi ile, dada zao watarudi kutoka kwa waume zao na kamba za kupimia shamba. Wanaume walipiga makofi. Runji alikuwa mbele, na alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Wawira alipiga kura ya kijani, akawaambia wenzake wa kanisani kwamba amepiga nyekundu. Ni mojawapo ya uongo mchache alioukubali maishani mwake. Katiba ilipita. Ikasema mwanamke na mwanamume ni sawa hata katika ardhi, na kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Akaweka akiba kidogo kidogo, na mwaka 2012 akafungua kesi ya mirathi.

Kesi ilipita mikononi mwa mahakimu watatu. Faili lilipotea mara moja, likapatikana chini ya mafaili ya ajali za barabarani. Wawira alijifunza kukaa kwenye benchi. Na katika miaka ile ya kukaa kwenye benchi, jioni moja ya Februari 2019, alikuwa jikoni akichagua maharagwe, redio iko dirishani, aliposikia kwamba mswada wa kutekeleza ile kanuni ya thuluthi mbili umeanguka bungeni tena. Haukuangushwa na hoja. Wabunge waliokuwamo ukumbini hawakufika idadi iliyotakiwa. Mutugi alikuwa mbunge wakati huo, na wiki moja kabla aliwaahidi akina mama wa kigongo kile, kiwanjani, kwa sauti ile ile tamu, kwamba kura yake ni yao.

Wawira aliacha maharagwe. Mtu akikukataa mbele ya uso wako, alifikiri, unajua pa kuanzia. Lakini mtu asiyekuja kabisa, unamshika wapi?

Ndipo swali lilipozaliwa. Mara ya kwanza alipoliuliza, Mutugi alisema alikuwa kazini. Mara ya pili, alikuwa mgonjwa. Mara ya tatu alicheka, akamwita shosho, kama mtu anavyomwita bibi kizee, akaagiza aletewe soda. Baada ya hapo vipaza sauti vya Muriithi vilianza kuharibika kila Wawira alipoinuka. Muriithi alikodisha mitambo yake kwa vyama vyote, na alikuwa na adabu ya mtu anayekula kwa kila nyumba. Alimjia Wawira nyuma ya kinu, akamwambia kwa aibu kwamba ameambiwa aseme betri imekwisha.

"Betri yako inajua siasa, Muriithi," alimjibu.

"Inajua karo ya watoto wangu, cucu," alisema, akimwita bibi kwa heshima.

Alimsamehe, kwa sababu alisema ukweli. Kuanzia hapo aliuliza bila kipaza sauti, na kiwanja kilijifunza kunyamaza ili asikike.

Mutugi alikuwa sasa kiongozi wa Chama cha Mizani katika eneo lote lile, na Chama cha Mizani kilikuwa na wimbo mmoja: sisi ndio tuliopigania haki ya mama. Uliandikwa kwenye kuta, kwenye fulana, kwenye leso zenye mizani ya dhahabu. Karimi, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kuchapisha nyaraka mjini Embu, alimtafutia mama yake siku chama kile kilipoandikishwa. Ilikuwa 2016. Wawira alihesabu kwa vidole ingawa haikuhitaji vidole. Chama kilichozaliwa miaka sita baada ya katiba kilikuwa kinasimulia jinsi kilivyoizaa katiba. Kabla ya hapo Mutugi alikuwa kwenye chama kingine, na kabla ya hicho kingine tena. Majina yaliyokuwa upande wa kijani na majina yaliyokuwa upande wa nyekundu yote yamehama, yakachanganyika, yakavaa fulana mpya. Ukitaka kujua chama kipi kilisimama na nani, utakuta mwenye nyumba amehama, jirani naye amehama, na nyumba yenyewe imebomolewa.

Mwaka 2023 hakimu wa tatu aliamua. Nusu ekari ya mwisho wa shamba, ile ya chai, ni ya Wawira. Mpima ardhi akaja, akaweka mawe. Runji alikaa ndani siku nzima, mlango umefungwa, redio juu kabisa. Ikabaki hati miliki tu, kisha nambari ya mkulima.

Wawira alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja na hakikubadilika tangu siku zile yungiyungi zilipotupwa barabarani: jina lake liandikwe kwenye ardhi ile, na liandikwe kwa sababu ni lake, si kwa sababu mtu amemhurumia.

Aliifuata hati ile mara nne katika miaka miwili. Mara ya nne karani wa ofisi ya ardhi, mwanamke mpole mwenye mafua, alimwambia kwamba iko tayari, imetiwa muhuri. Wawira alinyoosha mkono. Karani akaangalia mlango, akashusha sauti. Hati za tarafa nzima zimekusanywa kwenye boksi moja. Zitatolewa Ijumaa ijayo kiwanjani, na mheshimiwa.

"Lakini ni ya mahakama," Wawira alisema. "Mheshimiwa anaitolea wapi?"

"Mama, mimi nimeagizwa tu. Asiyekuja, hati yake itarudi Nairobi."

Aliirudia njia ya nyumbani akilitafuna neno hilo. Kendi, jirani yake na mwenzake wa kuchuma, mwanamke wa Imenti aliyeolewa pale, alimwambia asiwe mjinga. Avae leso yao, acheke na kamera, achukue karatasi, akaoshe mikono. Mama Karimi, alimwambia, hata ng'ombe hukamwa akiwa amefungwa miguu, na maziwa ni maziwa. Wawira alisema tatizo si maziwa, tatizo ni kamba, kwa sababu hajui ni lini wataifungua. Lakini usiku ule wote wawili walijua kwamba atakwenda. Miaka kumi na tatu ya benchi haiachwi irudi Nairobi ndani ya boksi.

Ijumaa ilifika na jua kali. Mlangoni pa kiwanja alisimama Oscar, mratibu wa chama, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akigawa leso za mizani na kuandikisha watu kwenye orodha ya waliohudhuria. Wawira alikataa leso. Alipofikiwa na orodha, aliinyanyua karatasi, akaiangalia juu, nyuma, tena juu, akairudisha bila kutia sahihi.

"Ni ya chai na mkate tu, shosho," Oscar alisema.

"Nimekunywa nyumbani."

Alikifudikiza kikapu pale pale pake, karibu na kinu, akakaa. Alimsikiliza Mutugi akieleza jinsi chama kilivyokesha, kilivyolia, kilivyopigania binti wa mlima apate ardhi ya baba yake. Majina yakaitwa. Walipofika kwake, watu walisogea mbele, maana kila mtu alijua nani na nani wanakwenda kukutana. Alipanda ngazi za jukwaa na gambuti zake.

Mutugi aliishika hati kwa mkono wa kulia. Wawira aliishika upande wa pili. Mpiga picha akasema bado, bado kidogo, na Mutugi hakuiachia. Wakasimama hivyo, karatasi imetanda kati yao, mheshimiwa akitabasamu kwa kamera. Kipaza sauti kilikuwa mezani, mbali. Wawira aliuliza kwa sauti ya chini, bila kugeuza uso.

"Siku ya kura ulikuwa wapi?"

Akategemea soda, au ugonjwa. Lakini Mutugi alikuwa amechoka labda, au jua lilimkalia kichwani, au alijua hakuna atakayesikia. Alijibu akiendelea kutabasamu, midomo haichezi.

"Kantini, mama. Tulikuwa tumejaa kantini. Tuliambiwa tusiingie."

"Na nani?"

"Na chama. Kila mtu na chama chake. Upande huu na upande ule, tulikunywa chai pamoja."

Picha ikapigwa.  Miaka sita Wawira alikuwa ametumbukiza mkono chini ya kikapu, na leo kiganja kimetoka na kitu, na hakuna shahidi hata mmoja wa kumfungulia. Kabla hajasema neno, Mutugi alikuwa tayari ameinua kipaza sauti na kuchukua simu kubwa mkononi mwa Oscar.

Alisema kwamba mama huyu amemsumbua sana, na watu wakacheka. Kwamba amemwita mwongo mbele ya watoto. Lakini yeye hana kinyongo, kwa sababu hapa, katika daftari rasmi la wanachama, kuna jina. Akasoma jina lote, akasoma na nambari ya kitambulisho. Mwanachama mwanzilishi, Aprili 2016.

"Shosho wetu ni wa Mizani tangu siku ya kwanza," alisema. "Alikuwa anatupima tu kama tumekomaa."

Kiwanja kililipuka. Hata wale waliompenda walicheka, kwa sababu kicheko hakiombi ruhusa. Kwenye mstari wa mbele Runji alikuwa amejishika mbavu. Wawira alisimama na hati mkononi, na ndipo alipoiona Aprili ile: mvua kubwa, paa la bati la kituo, lori likipiga honi barabarani, na kijana wa shati lililopigwa pasi akigawa miche ya avokado, miwili kwa kila mama, andika jina na nambari na utie sahihi hapa chini. Karatasi ilikuwa imebanwa kwenye ubao, na sehemu yake ya juu, penye jina la chama, imekunjwa nyuma. Alikuwa na haraka ya kufunika majani yasilowe. Yeye, aliyezoea kuchota kutoka chini, hakufikiri kwamba kuna watu wanaoficha juu.

Muriithi alimletea kipaza sauti. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri kabisa siku hiyo. Kila mtu alingoja. Angeweza kusema habari ya kantini, na Mutugi angecheka, na neno la mwanachama mwanzilishi aliyekana chama chake lingekuwa jepesi kama makapi. Akalimeza.

"Naishukuru mahakama," alisema. "Na miguu yangu."

Akashuka, akachukua kikapu, akaondoka. Tangu siku hiyo hajakaa pale.

Maneno yalimfuata hadi kituoni. Walisema amenunuliwa, wengine kwamba alinunuliwa zamani na swali lilikuwa maigizo ya kupandisha bei. Runji alipita na majani yake, akayamwaga kwa mbwembwe mbele ya dada yake ayakague.

"Angalia chini, mwanachama," alimwambia. "Au siku hizi unaangalia juu?"

Wawira aliyakagua. Yalikuwa mazuri, akamwambia hivyo. Nyumbani alisimama mbele ya ile miavokado miwili iliyokuwa ikimpa matunda mwaka baada ya mwaka, mikubwa sasa, kivuli chake kinafika mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaitazama kama mtu anavyotazama wageni walioongopa majina yao. Aliwaza kuikata. Hakuikata.

Karimi alikuja Jumapili na simu yake, akaonyesha jinsi mtu anavyoweza kujitafuta katika orodha ya vyama. Kendi akajitafuta. Alikuwamo. Akajitafuta dada wa kanisani, naye alikuwamo, na mke wa Muriithi, na bibi wa miaka themanini asiyejua kwamba chama hicho kipo. Kila mama aliyepewa miche siku ile ya mvua alikuwa mwanachama mwanzilishi. Kendi alitaka waandike barua wote wajitoe, kesho asubuhi. Barua ya kujitoa ilikuwa rahisi, Karimi angechapisha bure.

Wawira aliirudisha simu mezani. Kisha akamwuliza binti yake kama chama kina katiba. Kilikuwa nayo, kurasa arobaini na moja. Aliisoma Jumapili tatu mfululizo, kidole kikitembea chini ya mstari, akianzia juu kabisa ya kila ukurasa. Iliandikwa kwa ajili ya kuwekwa kabatini, si kusomwa. Ilisema mwanachama mwanzilishi hawezi kunyimwa kura katika uchaguzi wa tawi. Ilisema daftari la wanachama hutunzwa na katibu wa tawi. Ilisema kila kikao kiwe na kumbukumbu, na jambo lisilojibiwa lirudi kikao kinachofuata.

Uchaguzi wa tawi kwa kawaida ulifanyika hotelini. Oscar aliandika majina kwenye karatasi, wakala nyama, wakatawanyika. Mara hii alipofika aliwakuta wanawake sitini na watatu nje ya hoteli, wametoka kuchuma, vikapu vimefudikizwa uani, wamevikalia. Aliuliza nyinyi ni akina nani.

"Sisi ni wale wa avokado," Kendi alimjibu.

Majina yao yote yalikuwamo kwenye simu yake mwenyewe. Hakuweza kuyafuta pale mbele yao. Wawira alichaguliwa katibu kwa mikono iliyoinuliwa, na Oscar alipompa daftari alimwuliza nusu kwa utani kama amekuja kukimaliza chama.

"Nimekuja kukiandika tu," alisema.

Katika kikao chake cha kwanza aliandika ajenda mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa: mheshimiwa aeleze alikuwa wapi siku ya kura ya thuluthi mbili, na ni nani aliyeagiza wabunge wa chama wasiingie ukumbini. Mutugi aliomba radhi, hakuweza kufika. Mwezi uliofuata swali lilirudi, chini ya yatokanayo na kikao kilichopita, na mheshimiwa akaomba radhi. Tangu hapo limerudi kila mwezi, limepigwa muhuri, nakala moja imekwenda makao makuu na nyingine iko kwa Karimi.

Lakini hana raha nalo, na haoni aibu kukiri. Wamemletea kiti chenye rangi ya chama na meza, hata pazia. Hakuna aliyemsukuma wala kumtisha. Mtu anayekuachia njia bila kugombana, yeye husema, kamwulize amechimba shimo wapi. Kuna siku anamaliza kuandika kumbukumbu, anasoma jina lake pale chini, Wawira Njura, katibu, na anajiuliza kama swali limeingia ndani ya chama au limefungiwa humo. Kiwanjani lilisikika na watu elfu. Sasa linasikika na karatasi. Muriithi alimwuliza wazi mara moja kwa nini harudi pale kinuni. Akasema mtu haulizi swali analojua jibu lake. Lililobaki ni kumfanya mwenye jibu aliandike.

Alipata nambari yake ya mkulima mwezi wa pili. Siku ya kwanza ya kupima, karani alimwambia hakuna haja, apite tu, chake kinajulikana. Wawira alikataa. Alikimimina kikapu chake chote kwenye meza, akakichagua mwenyewe, juu na chini, huku foleni ikinung'unika nyuma yake, na alikuta majani makuu matatu ambayo hakumbuki kuyachuma.

Ofisi ya tawi la Chama cha Mizani iko mjini Runyenjes, nyuma ya duka la mbolea, mlango wa pili. Wawira huifungua Jumanne na Ijumaa alasiri, baada ya lori la chai kuondoka.